Ngozi ya Mnazi Mwekundu

Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na mvi tatu na mtoto aliyenizidi darasa. Aliyenifikisha hapo ni mwalimu mmoja mstaafu, mwembamba kama kalamu, ambaye alipenda mambo mawili duniani: hesabu za maumbo, na minazi ya mapambo isiyozaa nazi. Nyuma ya nyumba yake hapa Mbulu alijenga kibanda cha nailoni, na humo ndani kulikuwa na joto la kupikia makande.

Kipenzi chake kilikuwa mmoja tu, kimo cha kiuno, shina jekundu kama limepakwa rangi ya mdomo kwa ajili ya harusi. Mbegu alitumiwa na mkusanyaji mwenzake wa Tanga. Alipanda nyingi, ukaota huo mmoja, akaulea miaka saba.

Mwaka jana, kabla ya miezi ya baridi, akatakiwa kwenda Babati kwa binti yake akatibiwe macho. Akaniita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ng'ombe wangu hajambo?"

Hapo nieleze. Kwetu mtu haweki ng'ombe wote zizi moja. Unampa mwenzako akutunzie: maziwa na samadi ni vyake, ndama ni wako. Ng'ombe akifa, mtunzaji anabeba ngozi mpaka kwa mwenye mali, ili aone kwa macho yake kwamba mnyama hakuuzwa. Sisi tulikuwa tunatunza ng'ombe wa mwalimu pale kwa mama, Endagikot.

"Hajambo, mwalimu."

"Basi na mnazi huu nakupa kwa desturi ileile. Ukitoa chipukizi, huyo ndiye ndama wangu. Ila mti usisikie baridi hata siku moja. Sina mwingine, kijana wangu."

Nikaubeba kwa pikipiki mpaka Endagikot, nimeufunga shuka kama mgonjwa.

Mama akauzunguka mara mbili. "Unazaa?"

"Hapana, mama."

"Kivuli? Kuni?"

"Hapana. Unataka maji ya uvuguvugu kila asubuhi."

"Hehee! Hata baba yako hakuwahi kuomba hayo."

Lakini maji akapasha yeye mwenyewe, kila siku, huku akiutukana.

Mwezi wa saba ukafika. Baridi ya kwetu, ukimwamkia mtu asubuhi, shikamoo inaganda njiani na marahaba unaipata saa nane mchana. Majani yakaanza kuwa na madoa. Nikafikiri kisomi: wapi pana joto Endagikot nzima? Nyumba ya mama ni ya zamani, watu upande huu, ng'ombe upande ule, na pumzi ya ng'ombe ni jiko lisilo na kuni. Nikaweka kopo la mnazi upande wa ng'ombe, nikazungushia fito. Ndani ya wiki mbili madoa yakakoma. Nikatembea kijijini kifua mbele kama niliyevumbua jua.

Asubuhi moja nikasikia mama anasema, taratibu mno, "Njoo uone mwana wa mfalme."

Fito zilikuwa chini. Ng'ombe alikuwa anacheua, macho nusu, kama mtu aliyetoka kwenye karamu. Majani hakuna, moyo wa mti hakuna. Limebaki ganda moja jekundu, refu kama mkono, limelambwa likang'aa.

Sikula siku hiyo. Sawa, nilikula kidogo, jioni.

Mwalimu aliporudi, nikalifunga lile ganda kwenye kitambaa safi nikaenda. Sikumwamkia vizuri, nikalitandaza tu mezani. Akalipapasa kwa vidole, kwa sababu macho yalikuwa bado na bandeji upande mmoja.

"Ngozi," akasema.

"Ndiyo, mwalimu. Umeliwa na ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

Nikatazama viatu vyangu. "Wako, mwalimu."

Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, au vyote viwili. Kisha akainua kichwa ghafla. "Na kopo? Mlilimwaga?"

Sikuwa najua. Tukaenda wote Endagikot, na kopo tukalikuta karibu na jiko, mama alikolihamishia. Mama alikuwa hajaacha kumwagilia. "Nilizoea," akasema, kwa aibu. Mwalimu akapiga magoti, akaingiza kidole kwenye udongo pembeni ya kisiki kilichobaki, akatulia. Kijiti chekundu, chembamba kama njiti ya kiberiti, kilikuwa kimechungulia.

"Ndama wangu," akasema, na lile jicho lililo wazi likajaa maji.

"Utamchukua leo, mwalimu?"

"Ndama hachukuliwi hajaachishwa kunyonya. Mama yako anajua kulea, abaki hapa." Akasimama, akajipangusa magoti. "Nitakayemchukua ni ng'ombe."

Tangu siku hiyo kwa mama tunakunywa chai ya rangi. Mama anaulaumu mti kila asubuhi, huku anaumwagilia maji ya uvuguvugu. Jana umefungua jani la tatu.