Geti Lililoitwa "Ama"

Kazi ya dada yangu haielezeki mezani, na ukimwuliza utajuta. Kwa ufupi, anasanifu chipu za mashine za umeme. Huandika kwanza chipu ifanye nini, kisha kila kipande cha kazi hukitafutia geti linalolingana nacho katika maktaba. Maktaba yenyewe haina kitabu hata kimoja. Ni mkusanyiko wa mageti madogo, vijilango vya kuamua umeme upite au usipite, ambayo kiwanda kinajua kuyatengeneza. Lisilokuwemo utaliunga kwa yaliyomo, upende usipende.

Mageti hayo ofisini wameyabandika majina. "Au" ana waya mbili: umeme ukija kwa moja, huitika, ukija kwa zote, huitika pia. "Ama" huitika kwa moja tu. Ukija kwa zote mbili, hunyamaza. Basi nyumbani tukakoma. Ukimwuliza, "Chai au kahawa?" anakusahihisha: "Sema 'ama', sinywi zote mbili." Ana mdomo huyo, na mimi kitinda mimba nitamfanya nini?

Mwaka mmoja mama alilazwa, moyo na mapafu, na dada alikuwa akisanifu chipu ya king'ora cha kitandani kwa ajili ya wodi hiyohiyo. Daktari wa wodi alikuwa amewaambia ofisini, "Kilie ama hewa ikishuka, ama mapigo yakishuka." Dada akaandika vivyo hivyo, akapekua maktaba, akapata geti lililolingana sawasawa: "ama". Bosi akamsifu, na kazi ikaenda kiwandani.

Siku moja mchana tulikuwa tukimlisha mama supu, dada akimsimulia muuguzi jinsi king'ora kitakavyolia. Muuguzi akauliza, kwa kutaka kujua tu, "Na vyote viwili vikishuka pamoja?"

Dada akaweka kijiko chini. Daktari alisema kama watu wasemavyo, yeye akasikia kama mashine. Vyote vikishuka, yaani mtu yuko taabani kabisa, king'ora kingekaa kimya.

"Cheo kitakuponyoka," nikamnong'oneza, maana alikuwa anakingojea.

"Kiponyoke."

Akampigia bosi palepale kwenye korido, akasema kosa ni lake. Kiwanda kikasimamishwa. Cheo alipewa mwenzake, na iliniuma kuliko ilivyomuuma yeye.

Mama alipolazwa tena, king'ora, sasa chenye geti la "au", kilikuwa kimeshawekwa kitandani pake. Asubuhi moja hewa ilishuka, mapigo nayo yakashuka. Kikalia, wauguzi wakaja mbio, wakamwahi. Alipopata nguvu ya kusema, mama alilalamika kwamba likelele lile limemkatiza usingizi.

"Samahani, mama," dada akamwambia, kisha akatoka kwenda kulia.