Mashine Iliyompendeza Marehemu

Juzi niliingia ofisi moja ya umma mjini Nyamira kutafuta kopi ya kitambulisho changu. Mezani kulikuwa na printa tatu mpya, na kamati ilikuwa ikizijaribu ili ofisi inunue iliyo bora. Nikafurahi: leo sitatumwa dukani.

Walichokuwa wakichapisha ni programu ya mazishi ya mjomba wa mwenyekiti wa kamati, atakayezikwa Ijumaa kule Ikonge.

“Hii imemfanya mweusi sana,” mwenyekiti akasema, akiinua dirishani picha ya marehemu iliyo kwenye jalada. “Mjomba hakuwa hivi.”

“Na hii imemfanya mzungu,” mama mmoja akadakia.

Ya tatu ikamtoa mzee aking’aa mpaka tai. Hakuna aliyeuliza bei ya wino wala fundi atatoka wapi.

“Hii ndiyo mashine,” mwenyekiti akaamua. “Sasa toa za kanisa lote.”

Ikatoa mpaka ikakwama. Nikasogeza kitambulisho changu.

“Wino umeisha, mzee,” mwenyekiti akaniambia kwa upole. “Jaribu duka la ng’ambo ya barabara.” Akanipa programu moja, nisitoke mikono mitupu.

Inapendeza, sikatai. Ukitaka kuhudumiwa siku hiyo hiyo katika ofisi ile, kwanza ufe, na uwe mjomba wa mwenyekiti.