Ujumbe Ulioingia Foleni ya Wakulima

Msinicheke sana. Mke wangu Mwajuma amekwenda kujifungua kwa wazazi wake Mzenga, nami nimebaki Visiga na kompyuta na sufuria moja. Kazi yangu ni programu inayowatumia wakulima wa korosho ujumbe wa simu. Ujumbe husubiri kwenye foleni iliyoko mtandaoni, na programu isipothibitisha kwamba imeupokea, foleni huuleta tena.

Juzi nikaiunganisha foleni hiyo na kipande kipya cha programu, kifupi na safi, nikajiona fundi. Wenzangu hujaribu kwa kuandika "habari". Mimi, kwa upweke wangu, nikaandika: "Mke wangu, kitanda kimekuwa kikubwa mno, rudi upesi."

Kumbe anwani niliyoweka ni ya foleni halisi, si ya majaribio. Na kuthibitisha nimesahau.

Baba mkwe akapiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako tumeupata. Mimi mara tisa, imamu mara tisa, na wazee wote niliotoka kuswali nao."

Nikaikimbilia kompyuta kuizima programu.

"Mwenyewe tu ndiye hajaupata, hayumo kwenye orodha ya wakulima. Yuko hapa. Nimsomee?"