Ufunguo wa Pili

Bunduki ya baba ilikuwa ya kufukuza nyani shambani, na polisi walikataa kumpa leseni mpya mpaka anunue sefu. Alinipa mimi kazi ya kuchagua. Katika duka moja mjini Kericho nilijaribu sefu nne kwa spoki ya baiskeli, ujuzi niliojifundisha mwenyewe. Tatu zilifunguka, baba akicheka kwa fahari. Ya nne ilinishinda, tukainunua. Niliifunga ukutani kwa bolti, nikazikaza, nikarudia tena kuzikaza.

Ilikuja na funguo mbili. Baba alibaki na mmoja, wa pili akampa shemeji, mume wa dada yangu.

“Na mimi, baba?”

“Wewe wa nini? Si uko na spoki!”

Shemeji alicheka. Nikamkumbusha baba kwamba sefu hii ilinishinda.

“Ilikushinda dukani. Hapa nyumbani una wakati.”

Mwizi aliyemwogopa ni mimi.

Naona aibu kuandika hili. Jumapili walipoenda kanisani, nilibaki nikaichokoa ile sefu. Sikutaka bunduki. Nilitaka kuhakikisha kwamba bado inanishinda. Baba alinikuta nimepiga magoti mbele ya sefu, spoki mkononi.