Tulivyoziba mashua kwa mafuta ghafi yaliyoua kaa wa Kiongoroni

Ko. Ko-ko. Ko.

Wakuu, salamu zenu. Mlio huo ndio ulionitoa kitandani asubuhi moja pale Kiongoroni, kwenye delta ya Rufiji, kabla sijaona kitu. Nyundo za mbao, nyingi, kijiji kizima. Haya yalinikuta mwenyewe. Mengine naona aibu kuyasema, ila nitayasema.

Mimi ni mwandishi. Nilipanga chumba kwa Bi Zuhura nimalizie riwaya yangu. Huyu mama ananenepesha kaa. Ananunua waliokonda, anawaweka kwenye vizimba vya miti kando ya mkondo, penye mikoko, na kuwalisha utumbo wa samaki mpaka wajae. Mume alishafariki. Vizimba hivyo ndivyo vilivyolea binti zake watatu.

Basi nikatoka nje. Kila mwenye mashua alikuwa anakalafati, yaani anashindilia pamba kwenye maungio ya mbao chombo kisivuje. Siku hiyo pamba walikuwa wanaichovya kwenye kitu cheusi, kizito, kinachonata. Bahari ilikitupa ufukweni alfajiri, madonge kwa madonge.

Lami ya bure. Watu walimshukuru Mungu.

Bakari, shemeji yake Bi Zuhura, mtu asiyeweza kufunga mdomo, aliniambia niendelee kushangaa, wenye akili wanajaza ndoo. Nikajaza. Mashua ya Bi Zuhura niliiziba kwa mikono yangu. Jioni nikaandika ukurasa mzuri sana kuhusu zawadi ya bahari.

(Nimeshaufuta.)

Siku ya tatu kaa wakaanza kupanda juu ya vizimba, kama wanaokimbia maji. Kaa mzima ukimgusa anakubana. Hawa magando yalining'inia tu, na mmoja mmoja wakafa. Juu ya mkondo palikuwa na utando wa rangi rangi, unapendeza machoni, na harufu ya kituo cha mafuta.

Hapo ndipo nikaelewa. Tulikuwa tumeokota mafuta ghafi.

Nikaanza kujisomea. Meli ya mafuta ikivuja kidogo huko mbali, au ikiosha matangi yake na kumwaga, inaendelea na safari. Sehemu nyepesi inapotea na upepo. Nzito inaganda, inaelea, inamfikia mtu ambaye meli yenyewe hakuiona. Redioni hakuna habari, maana hakuna kilichozama. Sisi tunaogopa moto na mlipuko. Hii ilikuja kimya, tukaipokea kwa ndoo.

Bi Zuhura alitaka jambo moja: mkondo usafishwe kabla bamvua, yale maji makubwa, hayajausukuma uchafu ndani ya mizizi ya mikoko wanakokulia kaa wadogo. Akapiga simu ofisi ya mazingira ya wilaya, Kibiti. Afisa akaja, kijana mpole, akatembea ufukwe wote. Mweupe. Donge hata moja hakuna. Akasema bila sampuli hawezi kuandika kitu.

Sampuli yote ilikuwa kwenye mashua zetu, imeshindiliwa vizuri.

Na hakuna aliyefungua mdomo, hata mimi. Kusema ni kufungua chombo chako, na chombo kilichofunguliwa hakiendi kuvua.

Afisa alipoondoka, Bi Zuhura aliniomba nimsaidie kupindua mashua yake. Akachukua kisu, akaanza kuchokoa pamba, mshono mmoja baada ya mwingine.

"Shemeji," Bakari akamwambia, "ukimaliza hapo utasafiria nini? Ungo?"

"Nitaazima wa kwako."

Watu wakacheka. Yeye aliendelea kuchokoa.

Kesho yake tukapanda boti ya abiria hadi Nyamisati, kisha gari hadi Kibiti, chupa ya kioo yenye pamba ile nyeusi mapajani mwake njia nzima. Afisa akaifungua, akanusa, akasikitika. Ina pamba, alisema. Wakubwa watasema ni lami ya dukani.

"Pamba ni yangu, baba," Bi Zuhura akamwambia. "Hiyo nyeusi siyo yangu. Zitenganisheni."

Afisa akamtazama, kisha akaandika, akagonga muhuri. Akatuambia ukweli pia: chupa moja kutoka chombo kimoja ni rahisi kuiweka pembeni.

Tukarudi kijijini. Bi Zuhura akaeleza hayo mbele ya watu, hakumwomba mtu kitu. Siku mbili mashua yake ikakaa imepinduliwa, wazi.

Leo asubuhi Bakari amekuja na chupa. Ameichokoa mashua yake. Ameiweka mezani na kuondoka bila neno, na hilo sijawahi kuliona. Baada yake wamekuja wengine.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: bahari ikitupa kitu cheusi, usikishike kwa mkono mtupu, kipige picha, weka kipande kwenye chupa ya kioo, toa taarifa siku hiyohiyo. Na ndugu zangu waandishi, tuulize kitu ni nini kabla ya kukisifu.

Mlioko Mafia, Kilwa, Tanga: kama mliwahi kuona madonge haya, mliripoti wapi, mkajibiwa nini? Andikeni hapa chini. Bamvua ni baada ya siku nne.

Bi Zuhura yeye hasubiri majibu yenu. Nilitaka kumbebea ndoo ya chupa hadi kwenye boti ya Nyamisati, akaniambia nibaki niandike, hiyo ndiyo kazi yangu. Amejifunga kanga, amejitwika chupa kumi na moja, ametoka.

Mlango ameufunga mwenyewe.