Makubadhi Mlangoni

Juzi dukani, hapa Bagamoyo, mama mmoja alikuwa akichagua leso. Jirani yake akamuuliza, "Shoga, wanao umewaacha na nani, na wezi wa watoto walivyozagaa?"

"Wako na baba yao. Huyaoni makubadhi yake mlangoni kila upitapo?"

"Nayaona. Mbona hatumsikii hata akikohoa?"

Asubuhi ile nilikuwa nimepita nyumbani kwa mama yule nikabisha hodi, na sauti ya kitoto ikajibu, "Baba amelala." Baba huyo nilimwona mwezi uliopita akiondoka na msafara kwenda bara.

Nikasema, "Mama, kuku ametaga kwenye kubadhi la mumeo."

Aliidondosha leso, akatoka mbio.

Mimi nilikuwa napita tu, nikaliona yai lile, nikajua nyumba haina mtu mzima. Mwizi wa watoto hapiti tu.