Kikwazo Nilichokiombea

Mimi ni mtu wa kusema ninachotaka, hata kwa Mungu. Ndiyo maana nilifunga siku tatu nikiomba jambo moja: aondoe kila kikwazo kati yangu na chuo cha Biblia. Mchungaji wetu pale Maisaka ndivyo alivyotufundisha kuomba, kwa sauti, bila kumung'unya maneno. Vikwazo vyangu havikuwa vingi. Nilikuwa nacho kimoja tu, baba yangu.

Baba alitaka nisomee mifugo. Alisema wahubiri wamejaa Babati nzima, ila ng'ombe akishindwa kuzaa hakuna wa kumwita. Tangu mama afariki tuliishi wawili tu, kwa hiyo ubishi wetu haukuwa na mwamuzi. Yeye husali kimya, na mimi kwa kiburi changu nilimwona mtu wa dini asiye na moto.

Siku ya tatu, asubuhi, alikuwa shambani akivuna mbaazi. Mimi nilikuwa chumbani nimepiga magoti, nasema, "Ondoa, Bwana, ondoa." Jirani akagonga dirisha akiniita, tukakimbilia shambani. Tulimkuta baba ameketi chini, mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia umelala pajani, ananitazama. Nilishikwa na hofu ambayo haijaniacha mpaka leo.

Mchungaji alipokuja kutuona hospitali, alinivuta pembeni. "Binti, Bwana amenyamazisha upinzani. Jumapili utatoa ushuhuda."

Alikuwa na furaha ya kweli, na nilimchukia kwa hiyo furaha. Jumapili sikwenda. Chuo kikafungua bila mimi, maana nani angemgeuza baba kitandani?

Baada ya miezi miwili maneno yakaanza kumrudia. Siku moja mchana, nikimnywesha uji, nilishindwa kuvumilia, nikamweleza nilichokuwa nikiomba saa ile anaanguka. Nilitegemea atalia, au atanifukuza.

"Na mimi nilikuwa nimefunga," akasema polepole. "Siku zilezile."

Kumbe chupa ya uji aliyokuwa akibeba kwenda shambani alikuwa haigusi. Alivuna siku tatu juani, tumbo tupu.

"Ulikuwa unaomba nini, baba?"

"Mungu akuzuie usiende. Nilimwambia, kwa njia yoyote."

Nilimuuliza ni nani kati yetu aliyejibiwa. Aligeukia ukutani, nikajua na yeye anaogopa.

Chuo kimeniandikia kwamba naweza kuanza Januari, na jibu linatakiwa wiki hii. Kila jioni tunasali pamoja, yeye kwa ulimi wake mzito, mimi kwa sauti ya chini siku hizi. Tunaombea mvua, tunaombea wagonjwa na majirani. Hilo la chuo, hakuna kati yetu anayethubutu kulitaja mbele za Mungu.